Mwaka mmoja wa ufadhili Delft, na mistari ya mkaa ukutani kwa bibi

Mtoto wa Kigogo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna kijana wa mtaani kwetu amepata ufadhili wa kwenda kusoma nje mwaka mmoja. Juzi alikuja nyumbani kuniuliza, "Kaka, wewe ulishafika huko. Nijiandae vipi?" Nikamwambia habari za koti zito na soksi za sufu, nikamkumbusha cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema. Akashukuru, akaondoka. Usiku nikakosa usingizi, maana jambo lenyewe sikumwambia. Naliandika hapa alisome, na wengine mnaopanga kuomba mlisome pia. Ni refu, mnivumilie.

Mimi ni mhandisi wa maji. Nimezaliwa na kukulia Kigogo, Dar, kwenye bonde la mto Msimbazi, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Mvua za Desemba 2011 zilitukuta humo. Wanaokumbuka wanajua Dar ilivyokuwa wiki ile: Jangwani haipitiki, watu wako juu ya mapaa, na baadaye familia nyingi zikapelekwa Mabwepande kuanza maisha kwenye mahema. Kwetu maji yaliingia alfajiri. Mjomba alimbeba bibi mgongoni, mimi nikabeba redio na faili la vyeti. Maji yalipopungua, bibi aliokota kipande cha mkaa akachora mstari ukutani pale yalipofika. Sikumuuliza kwa nini. Palikuwa na mistari mingine chini ya huo, ya tangu sijazaliwa, nami nilikuwa nimeizoea kama mtu anavyozoea ufa wa ukuta.

Nilipoandika barua ya kuomba ufadhili, niliandika kwamba nakwenda Delft, Uholanzi, kujifunza *kuyazuia* maji ya Msimbazi. Hilo neno nililirudia karibu kila aya. Na kwa nini nisiende huko? Karibu robo ya nchi ile iko chini ya usawa wa bahari. Hata uwanja wa ndege wa Schiphol umejengwa kwenye lililokuwa ziwa, likakaushwa kwa pampu za mvuke, kazi iliyokamilika mwaka 1852. Ndege inatua, unakanyaga ardhi, na bahari iko juu yako kwa mita kadhaa. Nikasema hawa ndio walimu wangu.

Barua pepe ya kukubaliwa niliipata nikiwa ndani ya mwendokasi, Magomeni Mapipa. Nilishuka nikakaa kituoni mpaka magari matatu yakapita.

Mdau wa Mbagala

Tunakusoma mkuu, endelea. Ila kwanza tuambie maisha yenyewe. Baridi, chakula, upweke. Hayo ndiyo watu wanataka kujua.

Mtoto wa Kigogo

Mkuu, nitayasema kwa ufupi, maana yameandikwa sana.

Baridi unaizoea. Kilichonisumbua ni jua. Saa zetu za Kiswahili tunazihesabu kwa jua: saa moja ni kumekucha, saa kumi na mbili jioni ni magharibi, mwaka mzima. Delft mwezi Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi, na saa kumi na nusu limezama. Mwezi Juni linazama saa nne usiku. Nikimpigia bibi simu ananiuliza, "Kwenu saa ngapi?" Namjibu saa mbili asubuhi. "Kumekucha?" Hapana bibi, giza. Anakaa kimya, kisha anasema, "Basi hiyo si saa mbili." Kuna wiki niliona kweli mwili wangu unakubaliana naye. Dawa niliyoipata ni kutoka nje kila siku saa sita mchana hata kama kuna manyunyu, na kutokula peke yangu jioni.

Chakula kipo. Unapanda tramu namba 1 hadi Den Haag, unakwenda soko lao kubwa la wazi, unakuta muhogo, ndizi za kupika, bamia, pilipili mbuzi. Watu wenye asili ya Suriname wameleta mengi. Unga wa sembe nao haukosekani ukiuliza.

Upweke upo. Mtu mnakaa korido moja miezi minne na salamu yake ni neno moja, anapita. Si ubaya, ndivyo walivyolelewa. Hata kumtembelea mtu kunawekewa miadi wiki mbili kabla. Mimi nilizibwa pengo na wenzangu wa darasani. Kulikuwa na dada wa Beira, Msumbiji, aliyepitia kimbunga Idai mwaka 2019, na kaka mmoja wa Dhaka, na mwingine wa Jakarta. Tulikuwa darasa la watu wa mafuriko. Siku tulipojitambulisha kila mmoja alieleza maji ya kwao yalifika wapi mwilini: kiunoni, kifuani, shingoni. Hatukupanga, ilitokea tu.

Na kitu kimoja kilinistua: Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa sita kamili mchana, ving'ora vinalia nchi nzima kwa majaribio. Mara ya kwanza niliacha uma mezani nikasimama, moyo unakwenda mbio. Wenzangu wenyeji wanaendelea kula mkate. Mmoja akaniambia wanataka kila mwezi wajue kwamba king'ora kinafanya kazi. Nikafikiria Kigogo, ambako siku ile king'ora chetu kilikuwa sauti ya jirani akigonga sufuria.

Mama Mabwepande

Mwanangu, hilo la sufuria limenirudisha mbali. Endelea, nina la kusema lakini nitangoja umalize.

Mtoto wa Kigogo

Shikamoo mama. Nitamaliza, kisha nakuomba useme.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa tatu wa masomo tulipelekwa Zeeland, kusini magharibi, kwenye makumbusho ya mafuriko ya 1953. Yamejengwa ndani ya makasha manne makubwa ya zege, yale yale yaliyozamishwa kuziba tundu la mwisho kwenye tuta la kijiji cha Ouwerkerk. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 dhoruba iliisukuma bahari, matuta yakakatika sehemu nyingi, wakafa watu 1,836. Nilikuwa naijua tarakimu hiyo kutoka kwenye vitabu. Sikuwa najua kwamba mhandisi wao mmoja, Johan van Veen, alikuwa amesema miaka mingi kabla kwamba matuta yale ni mafupi na dhaifu, asisikilizwe. Taifa la wahandisi, na mhandisi wao wenyewe hakusikilizwa.

Baada ya msiba walianza mradi mkubwa wa kuziba midomo ya mito na ghuba. Kule Oosterschelde mpango ulikuwa ukuta mzima, kufunga bahari kabisa. Wavuvi wa chaza na kome wakakataa, kwa sababu maji ya chumvi yakikatika, chaza wanakufa na wao wanakufa njaa. Watetezi wa mazingira wakaungana nao. Walibishana miaka. Mwishowe serikali ikabadilisha mchoro kazi ikiwa imeshaanza: badala ya ukuta, wakajenga malango 62 ya chuma yanayokaa wazi siku zote, yakashushwa tu dhoruba inapokuja. Yalizinduliwa mwaka 1986, na yaligharimu zaidi ya ukuta ule. Nilisimama juu yake upepo ukinipiga, maji ya kupwa yakipita chini kwa kishindo, nikawa nafikiria wavuvi wa Feri na wachimba mchanga wa Msimbazi. Nani aliwahi kubadilisha mchoro kwa ajili yao?

Halafu Overdiep. Hii ndiyo iliyonivunja na kunijenga upya. Mwaka 1993 na 1995 mito yao ilijaa kupita kiasi, na mwaka 1995 watu kama laki mbili na nusu wakahamishwa kwa tahadhari. Wakaona kwamba kuinua matuta kila mwaka hakuna mwisho, kwa hiyo wakaanza kurudishia mito nafasi yake: kusogeza matuta nyuma, kuchimba mikono mipya ya mto, kuacha mashamba yafurike kwa makusudi. Zaidi ya sehemu 30. Overdiep ni eneo la wafugaji wa ng'ombe kando ya mto Bergsche Maas, nalo likachaguliwa lifurike. Wafugaji hawakusubiri kuandikiwa X ya kubomolewa ukutani. Walikaa wenyewe, wakaja na pendekezo lao: tujengeeni vilima kandokando ya tuta, tuhamishie nyumba na mazizi juu, na malisho ya chini yapokee maji mto ukijaa. Ndivyo ilivyofanyika. Mashamba manane yalijengwa upya juu ya vilima. Waliobaki ni kama nusu tu, wengine walilipwa wakaondoka.

Nilizungumza na mzee mmoja wa pale, akinitafsiria mwanafunzi mwenzangu. Nilitarajia ajivune. Akasema hata leo hapendi kupita palipokuwa nyumba ya baba yake. Alikubali, alishiriki, alipata nyumba mpya, na bado inamuuma. Niliandika maneno hayo kwenye daftari na nikaacha ukurasa uliofuata wazi.

Kule matuta na pampu yanasimamiwa na bodi za maji, ziko 21, na nyingine mizizi yake ni ya karne ya 13. Wananchi wanazipigia kura na wanazilipia kodi yake peke yake. Kumbe kabla ya zege kulikuwa na kikao. Nilikwenda kutafuta zege.

Fundi Mchundo

Mkuu naheshimu uandishi wako, lakini tusidanganyane. Wale wana hela. Sisi Dar kwa sensa ya 2022 tuko watu milioni tano na laki tatu na zaidi, nusu mji haujapimwa, mtaro ukichimbwa leo kesho umejaa taka. Utamleta nani kwenye kikao? Kulinganisha Msimbazi na Uholanzi ni kujitesa.

Mtoto wa Kigogo

Fundi, hela wanazo, sibishi. Na taka kwenye mitaro umesema kweli tupu, nimezizoa kwa mikono yangu. Lakini angalia: mwaka 1953 walikuwa miaka minane tu wametoka vitani, nchi imebomolewa. Na Oosterschelde si hela iliyobadilisha mchoro, ni wavuvi. Hela ilifuata baadaye.

Hata kwetu si kwamba hakuna kitu. Mwaka 2018 vilifanyika vikao virefu vya kupanga bonde la Msimbazi, wakazi na wataalamu meza moja. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo, na Uholanzi na Hispania nao wamechangia. Na usisahau Ramani Huria, iliyoanza 2015: wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ardhi na Mlimani pamoja na vijana wa mitaa walitembea Tandale, Kigogo, Mchikichini, wakichora kila nyumba na kila mtaro. Bila ramani zao nisingeweza kuandika tasnifu yangu nikiwa Delft. Msimamizi wangu hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Aliifungua modeli yangu ya kwanza, yaani ramani ya kompyuta inayokisia maji yanavyopita, akatazama dakika moja, akauliza, "Hii inajua nini kuhusu mitaro?" Haikujua kitu. Nilikuwa nimetumia vipimo vya mwinuko vya setilaiti, ambavyo nyumba kumi za Kigogo zinaingia kwenye doa moja. Nilirudi nyuma wiki sita.

Dada wa Tabata

Mimi nina swali la kawaida. Posho ilitosha? Na uliporudi kazini walikupokea vipi? Ndugu yangu alikwenda, hakurudi, na nyumbani hilo halizungumzwi.

Mtoto wa Kigogo

Dada, posho ilitosha chumba, chakula na bima, na kidogo cha kutuma nyumbani. Nilichokosea ni kuahidi. Wiki ya kwanza niliahidi ada za watoto wawili na bati za mjomba kabla sijajua bei ya chumba. Ada nililipa. Bati zilichelewa mpaka mjomba akaacha kupokea simu zangu kwa muda, na ilinihuzunisha sana. Kijana wetu, kama unasoma: usiahidi chochote mpaka mwezi wa tatu.

Waliobaki siwahukumu. Wapo niliosoma nao ambao walipata kazi huko, na wanalea familia nzima za nyumbani. Kila mtu anajua mzigo wake.

Kurudi ni kugumu kuliko kwenda, hilo hukuliuliza lakini nalisema. Nilirudi Septemba. Ofisini meza yangu ilikuwa na mtu. Kitengo kilikuwa kimehamishiwa idara nyingine, programu niliyoizoea haikuwa imelipiwa. Nilikaa miezi mitano nikiandika barua za kawaida. Hakuna aliyenifanyia ubaya, ila hakuna aliyekuwa akiningoja. Nilikuwa nimebeba moyoni picha kwamba nikishuka uwanjani wataniuliza, "Haya, umejifunza nini?" Aliyeniuliza ni bibi peke yake.

Na hapo ndipo jambo ambalo sikumwambia kijana.

Jumapili moja nilikwenda Kigogo na kompyuta. Nikamfungulia bibi ramani ya modeli yangu, bluu ikipanda kutoka mtoni, inafika nyuma ya nyumba, inaingia jikoni, inatokea ukumbini. Nikamweleza kwamba hivi ndivyo 2011 ilivyokuwa. Bibi alitazama kwa makini, miwani mkononi. Kisha akasema, "Hapana, mjukuu wangu. Maji hayakuja kwa jikoni. Yalikuja kwa mbele."

Nikamwambia bibi, mto uko nyuma. Akasema, "Mto uko nyuma. Maji yalikuja mbele." Akainuka akaenda ukutani. Mstari wa mkaa wa 2011 uko ukumbini, upande wa barazani, na uko juu kuliko ule wa jikoni kwa kiganja kizima. Nilikulia katika nyumba hiyo na sikujua kwamba jikoni kuna mstari mwingine wa siku ile ile. Alikuwa amechora miwili. Na ile ya zamani akanihesabia: huu mvua ilipozaliwa mama yako mdogo, huu mwaka tuliozika babu, huu wa El Niño. Kila mmoja una mwenziwe jikoni, na kila mmoja wa mbele uko juu, isipokuwa wa zamani kabisa. Ule wa zamani, jikoni ndiko juu.

Wakuu, nilikaa chini. Maana yake ni kwamba zamani mto ndio uliokuwa ukituingilia. Halafu kitu kikabadilika, na tangu hapo maji yanatoka barabarani, kwenye mtaro uliojengwa pale mbele, ambao mto ukijaa hauna pa kumwaga, unarudisha maji nyuma mitaani kabla mto wenyewe haujavuka kingo. Modeli yangu, ya alama nzuri tu, ilikuwa inamlinda bibi upande usio wake. Ungejenga ukuta kando ya mto, ungemfungia maji ndani.

Nilirekebisha kila kitu kwa QGIS, programu ya ramani ya bure, usiku baada ya kazi. Sasa ukumbi unajaa kabla ya jikoni, kama alivyosema.

Kwa hiyo kijana wetu: kabla ya kupanda ndege, nenda kwa wazee wako ukawaulize wanachokijua juu ya hicho unachokwenda kusomea. Andika. Mimi nilizunguka mpaka Zeeland kujifunza kusoma ukuta wa nyumbani kwetu.

Mama Mabwepande

Umemaliza? Basi nami niseme. Tulikaa Suna, bondeni. Tuliletwa huku 2012, mimi na wanangu watatu. Kiwanja tulipata, hilo nashukuru, na maji hayajawahi kunifuata. Lakini biashara yangu ya maandazi ilikuwa Kariakoo. Kutoka huku naamka saa nane usiku, nauli inakula faida, nikaacha. Mwanangu mkubwa alirudi mjini kupanga chumba, bondeni kule kule, kwa sababu kazi yake iko kule. Watu wanatushangaa eti tumepewa kiwanja tukarudi mtoni. Hakuna aliyetuuliza tunakula wapi. Huyo mzee wako wa ng'ombe, mimi namwelewa.

Mtoto wa Kigogo

Mama, nimesoma mara tatu. Nakuomba ruhusa niyapeleke maneno haya kama yalivyo kwenye taarifa ninayoandaa, bila jina lako. Kuhusu nyumba yenu ya Suna, unakumbuka maji yalianza upande gani?

Mama Mabwepande

Ruhusa unayo. Yalianza chooni. Kila mwaka yalianza chooni, kabla mto haujajaa. Tulikuwa tunajua kwa harufu.

Fundi Mchundo

Chooni. Ndiyo, ni kweli, hata kwetu Mchikichini ni hivyo. Mtoto wa Kigogo, nimekupinga pale juu na bado naona hela ndiyo shida kubwa. Ila hiyo mistari, unaikusanya?

Mtoto wa Kigogo

Naikusanya, Fundi. Nina nyumba kumi na moja mpaka leo, Kigogo na kidogo Mburahati. Natembea Jumamosi na futi ya kupimia, napiga picha, namwuliza mwenye nyumba mwaka na upande maji yalikotokea. Nyumba nyingi zinabomolewa au zinapakwa rangi, kwa hiyo nawahi. Mwenye mstari, msumari, doa, chochote, bonde lote kuanzia Vingunguti mpaka Jangwani, aniandikie ujumbe wa faragha.

Fundi Mchundo

Kwetu upo mmoja, nyuma ya mlango wa stoo, marehemu baba aliuchonga kwa patasi. Fundi rangi alipita juu yake mwaka jana lakini ukipapasa bado unausikia. Njoo Jumamosi asubuhi. Beba tochi, humo ndani hakuna taa.